Nani apulize filimbi? Shajara ya mradi wa maandalizi ya maafa katika shule tano, wilaya ya Chamwino, Dodoma

Tuko watatu. Mimi nafundisha jiografia kwenye sekondari ya kata, mwenzangu anafundisha shule ya msingi, na wa tatu ni mama mmoja wa Umoja wa Wazazi na Walimu aliyewahi kuuza mbao, kwa hiyo bei anazijua kuliko sisi. Shule ni tano: za msingi nne na sekondari moja yenye hosteli ya wasichana iliyojengwa kwa nguvu za wananchi. Fedha ni shilingi 1,450,000 zilizochangwa na wahitimu wa sekondari hiyo. Mfadhili hakuna.

Tunaandika kila hatua inapokamilika ili mwenye shule ya namna hii, awe Bahi, Mpwapwa au Manyoni, achukue kinachomfaa. Majina ya shule tumeyaacha. Walimu wakuu walianza kusema ya moyoni walipohakikishiwa kwamba hayataandikwa.

5 Oktoba 2024: Dodoso lililorudi na "ndiyo" tupu

Kibali kwanza. Barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa afisa elimu kata. Ambatisha orodha ya shule na bajeti ya ukurasa mmoja, isije ikarudishwa njiani.

Wazo la mwanzo lilikuwa jepesi: tuwaulize viongozi wa shule wanaonaje suala la maafa, tujue pengo liko wapi, ndipo tununue vifaa. Tukatengeneza dodoso la kurasa tatu. Je, shule yako ina mpango wa dharura? Je, walimu wamepata mafunzo? Je, kuna vifaa vya kuzimia moto? Yote yalirudi kwa wakati, kwa mwandiko mzuri, na muhuri juu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Shule moja ilijaza kwamba ina vizima moto viwili. Tulipofika tulikuta kibanio cha kizima moto ukutani, na juu yake limetundikwa koti la mwalimu wa zamu.

Hakuna aliyekusudia kutudanganya. Karatasi yenye maswali na nafasi ya muhuri, kwa mwalimu mkuu yeyote wa nchi hii, ni karatasi ya wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, na huijibu kwa namna inayolinda shule. Ukitaka maoni ya kiongozi wa shule usimpe karatasi. Karatasi na kopi zilitugharimu 38,000, na kutoka kwenye dodoso zima tulipata jambo moja la maana: namba za simu za wasaidizi wao.

19 Oktoba 2024: Kutembea na mwalimu mkuu

Tulibadilisha njia. Tukawa tunafika shuleni saa za jioni baada ya vipindi, bila karatasi, na kumwomba mwalimu mkuu atutembeze eneo lake. Swali lilikuwa moja: "Mkuu, wingu likitanda sasa hivi, jicho lako linakwenda wapi kwanza?"

Hapo ndipo mambo yalipotoka. Wa kwanza alinyoosha mkono kwenye paa la darasa la tatu bila hata kufikiri. Paa hilo liliwahi kuinuka upande mmoja kwa ule upepo wa vumbi unaotangulia mvua za kwanza, na lilirudishwa kwa misumari ileile. Wa pili alitupeleka chooni. Shimo lilichimbwa kwenye udongo wa kichanga na halikujengewa kuta ndani. Kila masika sakafu inazama kidogo, na yeye mwenyewe huamka asubuhi kabla ya wanafunzi kwenda kuikanyagakanyaga. Wa tatu alisema korongo. Nusu ya watoto wake wanavuka korongo kuja shule, na korongo la huku hujaa hata jua likiwa linawaka, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Mkuu wa sekondari alituonyesha madirisha ya hosteli, yenye nondo kila moja.

Wa nne, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, alikataa kabisa kutembea. Alituketisha chini ya mwarobaini akasema: "Walimu wangu, maafa ya hapa hayaji kwa kishindo. Yanakuja mwezi wa pili, chakula kikiisha ghalani. Darasa lenye watoto tisini linabaki na hamsini. Hilo hamna kizima moto chake." Akatukumbusha kwamba wazee wa Ugogo bado wanaitaja Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, kuliko gharika yoyote. Tuliandika, tukamshukuru, na kusema ukweli tukaona ametoka nje ya mada.

Tetemeko la ardhi hakulitaja hata mmoja mpaka tulipouliza, ingawa Dodoma iko kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa na mwaka 2002 ilitikiswa vilivyo. Tulipouliza, wawili walikumbuka. Mmoja alituonyesha ufa na kusema ni wa zamani, kana kwamba ufa wa zamani haufunguki.

Lakini jambo kubwa la mzunguko huu lilikuja kwa namna nyingine. Tulimuuliza yule wa korongo kwa nini haruhusu watoto mapema akiona mlima umefunikwa. Akajibu: "Nikiwaruhusu saa sita na mvua isinyeshe, nitaandika nini kwenye kitabu cha kumbukumbu?" Tulilipeleka jibu hilo kwa wenzake. Wote walicheka, cheko la mtu aliyeguswa. Kumbe kila mmoja ana hesabu yake. Ukiruhusu bure utaulizwa vipindi vilivyopotea, na utaulizwa kesho yake. Ukichelewa kuruhusu na mtoto akachukuliwa na maji, hiyo ni kazi ya Mungu. Mtu akipima hivyo, atasubiri simu ya juu. Na simu ya juu nayo inasubiri simu nyingine.

Tangu siku hiyo hatukuandika tena kwenye mpango wetu "kuwaelimisha walimu wakuu kuhusu hatari". Hatari wanazijua kwa majina na kwa miezi yake. Wanachokosa ni ruhusa ya kuamua iliyoandikwa mahali.

9 Novemba 2024: Kengele na foleni ya uji

Wakati suala la ruhusa linazungumzwa kwa wakubwa, tulianza mazoezi ya kutoka darasani. Shule nyingi za huku kengele ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Tulikubaliana ipigwe mfululizo, na watoto watoke kwenda uwanjani.

Ilipigwa. Madarasa ya juu yalitoka vizuri. Darasa la kwanza na la pili walitoka mbio na vikombe vyao, wakajipanga jikoni. Kwao kengele ya saa nne ni uji, na hakuna maelezo ya asubuhi mstarini yanayoshinda tumbo. Tulirudia kwa mapigo tofauti, matatu matatu. Uji tena.

Dawa ilikuwa kuiacha kengele na kazi zake. Tulinunua filimbi 10 za michezo kwa 2,500 kila moja, mbili kwa kila shule: moja kwa mwalimu wa zamu, moja kwa kiranja mkuu. Filimbi ndefu isiyokatika maana yake toka. Mwalimu wa michezo alilalamika kwamba filimbi ni yake. Tukakubaliana kwamba yake ni fupifupi.

Mengine yaliyojitokeza siku hiyo:

Milango. Darasa lenye watoto zaidi ya tisini na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani: wa mbele wakiusukuma, haufunguki. Tuligeuza milango sita ifunguke nje. Bawaba na fundi 14,000 kwa mlango, jumla 84,000. Kama una fedha kidogo kuliko sisi, anzia hapa. Hakuna kingine kwenye shajara hii kinacholeta faida kubwa kwa bei hiyo.

Hesabu ya watoto. Uwanjani mwalimu alitakiwa kuita majina, daftari la mahudhurio likawa limefungiwa ofisini. Sasa kila asubuhi kiranja wa darasa anaandika kwa chaki juu ya mlango, upande wa nje: wavulana kadhaa, wasichana kadhaa. Mwalimu anatoka na namba kichwani. Haina gharama.

Mtoto mwenye ulemavu wa miguu alibaki darasani, kwa sababu kila mtu alidhani kuna mtu anamchukua. Wamepangwa wenzake wawili kwa majina, na wengine wawili wa akiba.

7 Desemba 2024: Madirisha ya hosteli

Hii ndiyo sehemu iliyotuchukulia muda na maneno mengi kuliko zote.

Kila mkuu wa shule ya bweni Tanzania anazijua hadithi mbili: Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini, na Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Mkuu wetu hakuhitaji kukumbushwa. Hosteli yake ina milango miwili. Mmoja unatumika, wa pili umefungwa kwa kufuli, na mbele yake limewekwa kabati. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Tulimuuliza kwa nini mlango wa pili hautumiki. Akatujibu kwa utulivu: "Moto sijawahi kuuona hapa. Wanaume wanaoruka uzio nimewaona."

Hilo ndilo jibu ambalo vitabu vya usalama wa moto havilijibu. Mzazi wa Chamwino hakukubali hosteli ijengwe ili binti yake aokoke na moto. Aliikubali ili binti asitembee gizani wala kupanga chumba mtaani. Ukiondoa nondo, matroni halali. Ukiziacha, moto ukishika mlangoni hakuna pa kutokea.

Jaribio la kwanza: ufunguo wa mlango wa pili utundikwe ndani, kwenye boksi dogo la kioo. Ndani ya wiki moja ufunguo haukuwepo. Hakuna aliyejua umekwenda wapi, au tuseme wote walijua.

Jaribio la pili: ufunguo akae nao kiranja wa bweni. Kiranja akaenda kwao kwa msiba, na ufunguo mfukoni.

Lililofanya kazi lilitoka kwa fundi wa kuchomelea na yule mama yetu wa mbao, wakibishana kibandani kwa fundi. Nondo za madirisha manne ya upande wa uwanjani zilikatwa, zikawekwa bawaba zifunguke nje kama kidirisha, na komeo la kuvuta upande wa ndani tu, bila kufuli. Bamba la chuma limefunika komeo ili mtu wa nje asifikishe mkono. Kisha kwenye kila kidirisha ikafungwa kengele ya ng'ombe. Ukikigusa usiku, matroni anasikia, mlinzi anasikia, na mbwa wa jirani naye anasikia. Fundi alitoza 55,000 kwa dirisha, jumla 220,000. Kengele nne 20,000, mnadani. Kabati limeondolewa mlango wa pili, na mlango umewekewa komeo na kengele vilevile.

Kazi ilibidi isubiri, kwa sababu Novemba kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wa taifa na mkuu hakutaka mashine ya kuchomelea ipige kelele karibu na vyumba vya mitihani. Kwa hiyo wiki zile watahiniwa walilala kwenye hosteli ileile, kabati likiwa limeondolewa na matroni akilala karibu na mlango wa pili na ufunguo shingoni. Panga kazi ya hosteli Julai au Agosti.

Vizima moto viwili vya poda kavu, kilo 6, vimenunuliwa kwa 98,000 kila kimoja. Kwenye zoezi la kwanza vilikuwa ofisini, ofisi imefungwa, mwenye ufunguo yuko Dodoma mjini kufuatilia mishahara. Vimehamishiwa kwenye boksi la mbao lisilo na kufuli, kimoja mlangoni kwa matroni na kingine nje ya jiko. Mkuu alihofia wizi. Mlinzi sasa anavisaini anapoingia na kutoka zamu. Mchanga wa kuzimia moto jikoni ulikuwa unaisha kila siku, mpaka tulipogundua wapishi wanasugulia sufuria. Ndoo zimepakwa rangi nyekundu na umewekwa mchanga mwingine wa sufuria pembeni.

Ofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji alikuja siku moja kufundisha (nauli na chakula 60,000). Namba ni 114, haina gharama, na kila mwanafunzi sasa anaijua. Lakini alikuwa mkweli kuhusu umbali: gari likitoka leo kwa mwendo mzuri litafika mkiwa mmeshamaliza au mmeshateketea. Dakika za mwanzo ni zenu.

21 Desemba 2024: Paa

Shule zimefungwa, fundi yupo. Tulipanda juu ya lile darasa la tatu. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimepigiliwa tu kwenye mbao ya juu ya ukuta, na mbao yenyewe imelazwa kwenye tofali kwa udongo. Hakuna kilichoshika paa isipokuwa uzito wake. Upepo unaingia chini ya baraza, unasukuma juu, na bati lote linaondoka likiwa zima. Mabati nayo yalipigiliwa kwenye papi (mbao zinazolala chini ya bati), moja ikipigiliwa na moja ikirukwa, fundi wa zamani akibana misumari.

Kilichofanyika: ukuta ulitobolewa kozi (safu za tofali) tatu chini ya mbao, zikapitishwa nondo nyembamba zilizokunjwa juu ya kila kenchi na kufungwa kwa waya, misumari ya bati ikajazwa kwenye kila papi, na kwenye ukingo wa baraza ikawekwa karibukaribu zaidi. Nondo, waya, misumari na fundi 415,000 kwa jengo la vyumba viwili. Ni fedha nyingi kwetu, na jengo la pili halikufikiwa.

Ukijenga upya, nondo hizo zifukie wakati wa kujenga kozi za mwisho. Hapo utalipia nondo tu. Fundi wetu alisema angezifukia hata zamani, ila hakuna aliyemwambia.

Choo kinachozama hatukukiweza. Tulikizungushia miiba na kumwandikia mtendaji wa kijiji. Shule ile inatumia matundu yaliyobaki kwa zamu.

18 Januari 2025: Kadi, na wenyeviti wapya

Kadi ya maamuzi ni karatasi ya ukurasa mmoja, imewekewa plastiki, inakaa ukutani ofisini. Ina maamuzi matatu tu: kuwatoa watoto ndani ya majengo, kuwaruhusu mapema, na kuwazuia shuleni baada ya muda wa masomo. Kwa kila moja imeandikwa nani anaamua, asipokuwepo ni nani, na dalili zipi zinatosha. Chini kuna sentensi moja tuliyoipigania: hatua iliyochukuliwa kwa dalili hizi haihitaji kibali kabla, taarifa itolewe siku hiyohiyo.

Kuiandika ni kazi ya jioni moja. Kuisainisha ni habari nyingine.

Afisa elimu kata hakuikataa, lakini aliuliza swali zuri: "Na ikiwa wingu linatanda kila siku ya mnada?" Wote tulicheka tena, maana siku ya mnada walimu nao wana mbuzi wa kuuza. Tukaongeza sharti: kuruhusu mapema kunahitaji sahihi ya mwalimu wa zamu na ya mzazi mmoja wa kamati ya shule anayeishi karibu. Kwa sharti hilo akasaini.

Mtendaji wa kata alitaka kujua sheria inasemaje. Tulimpelekea Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayoweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kata na kijiji. Kwenye kata yetu hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kuitwa kwenye kikao cha kamati hiyo. Ameahidi kwamba wataitwa. Bado tunasubiri kikao chenyewe.

Wenyeviti wa vijiji walishasaini Oktoba. Halafu ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, na viti viwili vikapata watu wapya. Mmoja wao alisema hawezi kubeba ahadi ya mpinzani wake aliyeshindwa. Kadi zikaandikwa upya zikitaja cheo badala ya jina. Kadi 10 na plastiki yake, 30,000.

Shule nne zimesaini.

8 Februari 2025: Korongo na radi

Alama ya kwanza kwenye kivuko ilikuwa gogo lililopakwa rangi nyeupe na nyekundu, 15,000 pamoja na kibarua. Mchwa walilianza chini kabla maji hayajaligusa. Sasa kuna bomba chakavu la chuma lililozamishwa kwa mifuko miwili ya saruji, jumla 66,000. Rangi nyekundu inaanza kwenye kifundo cha mguu cha mtoto wa darasa la kwanza. Wazazi walitaka ianze gotini. Tulikataa: maji ya korongo yanakuja na mchanga na magogo, na mtu mzima huangushwa na maji yasiyofika hata nusu ya goti lake. Yakifika nyekundu havuki mtu, awe mtoto au mwalimu.

Taarifa ya maji inatoka shule iliyo juu ya korongo. Tulianza na kundi la WhatsApp. Lilijaa salamu za asubuhi na matangazo ya harusi, na siku ya mvua wawili kati ya walimu wakuu hawakuwa na bando. Tukaacha. Sasa mwalimu mkuu wa juu anabipu mara tatu, na wa chini naye anabipu kujibu. Asipojibiwa anampigia msaidizi, na hapo ndipo zile namba za kwenye dodoso zilipotufaa.

Mwanzoni mwa mwezi wingu lilifunika milima, bipu ikaja, na mwalimu mkuu wa chini akawazuia watoto wa ng'ambo. Maji hayakuja. Walikaa mpaka jua linaelekea kuzama. Wazazi walifika upande wa pili wa korongo kavu, na mama mmoja akapaza sauti: "Mmewashindisha na njaa watoto wetu kwa sababu ya wingu?" Mwalimu aliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu, akatoa taarifa kwa simu. Hakuitwa popote. Alitupigia usiku kutuambia hivyo tu.

Na hapo yule mzee wa chini ya mwarobaini akawa kwenye mada kuliko sisi. Huwezi kumzuia mtoto shuleni mpaka jioni mwezi wa Februari kama hana cha kutia tumboni. Alikula uji saa nne, na kwao huenda hakuna kilichopikwa jana. Uamuzi wa tatu kwenye kadi ulikuwa umeandikwa na watu waliokwisha kula. Kamati ya shule imetenga mahindi ya akiba, debe mbili, yasiyoguswa kwa uji wa kawaida. Mpishi anaitwa pamoja na bipu.

Kuhusu radi: mwisho wa Januari wanafunzi 7 wa sekondari moja ya Bukombe, Geita, waliuawa kwa radi wakiwa shuleni. Habari ile ilifika kila kijiji, na walimu wakuu wakatupigia wao wenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kanuni tuliyoiweka ni ya kuhesabu: ukiona mwako, hesabu, ngurumo ikifika kabla ya 30, watoto wote wawe ndani ya jengo, na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Vipindi chini ya mbuyu vimesimamishwa wakati wa mawingu. Kwenye kikao mzazi mmoja aliuliza kuhusu radi za kutumwa. Mwalimu mkuu alimjibu kwa heshima kwamba hata hiyo ya kutumwa, mtoto akiwa ndani ni afadhali. Kikao kikaendelea.

15 Machi 2025: Fedha zitoke wapi baada yetu

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilikwenda kwenye vitabu. Inayofika kwenye akaunti ya shule inagawanywa kwa mafungu, na fungu la maafa halipo. Walimu wakuu watatu walituambia wanachofanya: bawaba, misumari na waya vinaingia kwenye ukarabati, kwa muhtasari wa kamati ya shule. Vizima moto havikubaliki huko kirahisi. Mahindi ya akiba ni mchango wa wazazi wakati wa mavuno, uandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa wazazi, usisubiri Februari.

Korongo limejaa kweli mara kadhaa tangu tuandike mara ya mwisho. Watoto walizuiwa, wakala uji, maji yakapungua, wakavushwa na wazazi. Yule mama wa kelele alikuja na kuni.

24 Mei 2025: Hali ilivyo

Matumizi yote ni 1,335,000. Ambayo hayajatajwa hapo juu ni mafuta ya pikipiki 120,000 na rangi na brashi 46,000. Zimebaki 115,000, zimetengwa kwa paa la jengo la pili, hazitoshi.

Filimbi tatu zimepotea. Mazoezi yanafanyika kila mwezi kwenye shule tatu. Kwenye shule moja yalisimama mwalimu wa zamu mwenye bidii alipohamishwa, na hatuna dawa ya uhamisho. Kengele za ng'ombe zililia usiku mara mbili. Mara zote alikuwa paka. Matroni anasema analala vizuri zaidi kuliko zamani.

Shule ya tano haijasaini kadi. Mwalimu mkuu wake ameisoma, ameisahihisha hata Kiswahili, na amekataa kwa sababu anayoiita ya kihesabu. Leo, anasema, paa likianguka ni la halmashauri. Akisaini kwamba ameziona dalili, na paa likaanguka akiwa hana fedha ya misumari, litakuwa lake. Hatujapata cha kumjibu. Tulimpendekezea aongeze mstari wa kuorodhesha aliyoyaomba na hajapewa, na tarehe ya kila barua. Hilo amelipenda, na wengine wanne wamelitaka pia. Kadi mpya zenye mstari huo zinachapwa sasa, na zitapelekwa kwa afisa elimu kata shule zitakapofunguliwa Julai.